Kidonda cha mguu hakitaki rangi mbili, kinataka bandeji

Hivi ukienda duka la dawa la mtaani ukamwambia muuzaji una kidonda cha mguu kisichopona, atakupa nini? Jibu mnalijua. Atakupa zile kapsuli za rangi mbili. Nyingine utameza, nyingine utafungua na kumwagia unga wake juu ya kidonda, kisha utafunga kitambaa. Baada ya mwezi utarudi kununua tena.

Leo nataka niseme wazi: kwa wengi hiyo ni pesa ya kutupa. Kuna watu wanatembea na kidonda mwaka wa tano, wa kumi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba tiba yao ni bandeji.

Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari tu. Lakini jambo lenyewe si gumu kulielewa. Damu ikishashuka miguuni lazima ipande kurudi kwenye moyo. Ndani ya mishipa inayoirudisha kuna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu na kufunga damu isirudi chini, na ukitembea misuli ya kigimbi inaisukuma kama pampu. Vilango vikiharibika, kwa umri, kwa uzazi mwingi, kwa unene, au kwa damu kuwahi kuganda mguuni, damu inatuama chini. Mguu unavimba jioni, ngozi juu ya kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, inawasha. Siku moja unajigonga kidogo tu na kidonda hakifungi tena.

Sasa niambieni, kapsuli itafungua kilango gani hapo? Dawa ya kuua vijidudu inasaidia kama kidonda kimeingiwa na maambukizi. Kama hakijaingiwa, unachofanya ni kuwafundisha vijidudu kuizoea.

Kinachosaidia ni kuubana mguu. Bandeji inafungwa kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti, inabana zaidi kwenye kifundo, kiasi cha milimita 40 za zebaki (kipimo kile kile cha presha), na inapungua nguvu kadiri inavyopanda. Uvimbe unashuka, damu inapanda, ngozi inapata nafasi ya kujijenga. Pale hospitali ya Charing Cross, London, walitumia bandeji ya tabaka nne, na mwaka 1988 wakatangaza kwamba kati ya vidonda sugu 148, vidonda 110 vilifunga ndani ya wiki 12. Hata utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba kuuziba mapema mshipa mbovu kunaharakisha kupona (siku 56 badala ya 82), wagonjwa wote walikuwa wamefungwa bandeji. Bandeji ndiyo msingi.

Nayasema haya kwa sababu ya shangazi yangu. Anaishi Kigombe, kile kijiji cha wavuvi na mkonge kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Kwa miaka mingi amekaanga samaki kwa kusimama kutwa jikoni. Kidonda kilimkaa miaka sita. Majirani walisema amekanyaga kitu, na nyie mnajua kwetu Tanga mguu ukivimba maelezo hayo hayakosekani. Akatumia pesa kwa waganga, akatumia pesa kwenye maduka ya dawa. Nikimwamkia na kumuuliza mguu anasema, "Marahaba baba, hiki kidonda tumeshazoeana." Mwishoni alimpata muuguzi mmoja mjini aliyekuwa amefundishwa kufunga. Kila wiki akapanda gari kwenda na kurudi. Mwezi wa nne kikafunga.

Hadithi ingeishia hapo ningefurahi. Lakini vilango havijapona, kilichopona ni ngozi. Alitakiwa avae soksi za kubana kila siku na kuzibadilisha kila baada ya miezi michache zinapolegea. Jozi ya kwanza ilipolegea hakupata nyingine. Mwaka uliofuata kidonda kikarudi pale pale.

Kuna watakaosema nchi ina mambo makubwa zaidi, malaria, wajawazito, kisukari. Sawa. Lakini tukumbuke matende. Mpango wa taifa wa kuyatokomeza pamoja na mabusha ulianza mwaka 2000 kule Mafia, na mwaka 2004 ugawaji wa dawa ukafika Tanga. Watu waligawiwa dawa kijiji kwa kijiji, tena bure. Maana yake tukiamua, mguu wa mtu wa pwani unaweza kuwa suala la taifa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Basi swali langu ni hili: bandeji na soksi za kubana zimo kwenye hiyo "afya", au afya ni vidonge na sindano tu?

Angalizo, tafadhali: usiende kujikaza mwenyewe. Mguu ambao damu haifiki vizuri, hasa kwa mvuta sigara au mwenye kisukari, ukibanwa unaweza kuoza. Lazima kwanza mtaalamu alinganishe presha ya kifundo na ya mkono. Na si kila kidonda cha mguu kinatokana na vilango. Kuna vya selimundu, vya ukoma, hata vya saratani. Kipande cha kanga nacho si mbadala, kwa sababu hakivutiki na hakuna anayejua kinabana kiasi gani.

Ndiyo maana siombi mashine za mabilioni. Naomba kila kituo cha afya kiwe na wauguzi wawili waliofundishwa kupima na kufunga, kifaa cha kupimia, bandeji zinazofulika na kutumika tena, na soksi kwa waliopona. Mzee wa Kigombe asilazimike kulipa nauli kila wiki kwa ajili ya kazi ya nusu saa ambayo muuguzi wa karibu angeweza kuifanya. Na muuzaji wa duka la dawa akiona kidonda cha miezi mitatu, amwelekeze mtu kituoni badala ya kumuuzia rangi mbili.

Naomba kuwasilisha.