Kuhama Nyumba ya Kupanga

Nimetumia kompyuta kwa miaka 25, na katika muda wote huo nimekaa ndani ya mfumo endeshi mmoja, kama mpangaji akaavyo katika nyumba ya tajiri asiyemjua. Kodi nimelipa. Masharti nimeyakubali pasipo kuyasoma. Mwenye nyumba alipouhamisha mlango usiku, niliamka asubuhi nikautafuta kwa kupapasa, kisha nikajilaumu mwenyewe. Leo nashawishika kuhama. Nakusudia kuutetea ushawishi huo mbele ya wenzangu wanaouita utoto. Lakini sina budi kuwashitaki wahamaji pia, nami nikiwa miongoni mwao.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ngara nikiandika mihadhara yangu. Jioni moja mashine iliniarifu kwamba inajisasisha, haikuniuliza, iliniarifu. Kifurushi cha intaneti nilichonunua kwa juma zima kiliteketea kabla ya chakula cha usiku. Ilipozinduka, mashine ilileta tangazo kwamba umri wake hauiruhusu kupokea toleo jipya, na kwamba ingefaa ninunue nyingine. Skrini yake ilikuwa nzima, vitufe vyake vizima, na kazi niliyoipa jana yake iliifanya bila kunung'unika. Mkulima wa migomba hatupi jembe lake kwa kuwa mhunzi amefua jingine. Mbona mimi niamriwe kulitupa langu?

Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni jambo jingine. Mwaka 2003, nikiwa kijana, niliandika hadithi na methali za Kihangaza na Kishubi kutoka kinywani mwa bibi mmoja wa Ngara, pamoja na tafsiri zake kwa Kiswahili. Bibi huyo amekwisha kufariki. Niliziandika kwa programu iliyokuja na mashine ya siku hizo. Baadaye programu ile iliachwa na walioitengeneza, na mfumo wangu, ulipoombwa kuifungua faili, ulijibu kwamba hauitambui. Msomaji apime jibu hilo. Maneno ni ya bibi, mkono ulioyaandika ni wangu, lugha ni ya watu wa Ngara. Lakini ufunguo u mfukoni mwa mtu wa ng'ambo ambaye amekwisha kuutupa.

Nikiwa njiani kurudi kazini nilipumzika Biharamulo. Huko mwalimu mmoja kijana wa sekondari aliichukua faili ile akaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure, katika kompyuta kuukuu inayoendeshwa na Linux. Mistari ilikuwa imevurugika, lakini maneno yalikuwa kamili. Sioni haya kusema kwamba nilitokwa na machozi.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Maandishi yake ya ndani hayakufungiwa: kila ajuaye anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo uliojengwa juu yake akauita Ubuntu. Sisi wa mpakani neno hilo halituhitaji mkalimani. Waswahili husema utu. Na ng'ambo tu ya mpaka wetu, Mrundi akikupa kitu pasipo malipo, husema amekupa ku buntu.

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya mafundi, hayamfai mtu wa kawaida. Hao na waende Rusahunga, yanakopita malori yaendayo Rusumo, wamtazame mwendesha pikipiki akipokea nauli yake kwa simu. Simu nyingi mikononi mwa watu wetu zinatumia Android, na kiini cha Android ni Linux. Mwendesha pikipiki amekwisha kuhama zamani. Aliyebaki nyuma ni mhadhiri.

Wengine husema cha bure hakina thamani. Ajabu ni kwamba husema hivyo kwa Kiswahili. Nani aliwahi kulipia leseni ya kusema Kiswahili? Lugha hii iliingia Ngara na Biharamulo bila kibali cha mwenye mali, na imenawiri kwa sababu kila aliyeichukua aliitumia apendavyo na kuiongezea neno. Kama cha bure hakina thamani, basi sisi tunaokula mshahara kwa kuifundisha tunakula mshahara wa haramu.

Hoja ya tatu ina uzito, nami sitaikwepa. Husemwa kwamba ofisi zote hutumia mfumo ule ule, hivyo ahamaye hujitenga. Ni kweli kwamba printa nyingine hugoma, kwamba jedwali lililopangwa vema huweza kufika ofisini limepinda, na kwamba kijana wa steshenari hukutazama kama mtu aliyeleta fedha ya nchi nyingine. Lakini dawa ipo: hati ziandikwe kwa muundo ulio wazi. Muundo wa OpenDocument ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na programu za mifumo mbalimbali huusoma. Kumbe tatizo halikuwa ukosefu wa njia. Lilikuwa uvivu wa kuipita.

Na hapa nawageukia wahamaji, nikianza na nafsi yangu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Wenzetu walikesha wakitafuta istilahi. Mimi niliijaribu kwa juma moja, nikayacheka maneno yake kwa kuwa sikuyazoea, nikarudi kwenye Kiingereza changu cha kukariri. Si mimi peke yangu. Kazi ile ilikosa watumiaji wa kuilea, ikafifia. Nasi tukaenda kwenye makongamano kulalamika kwamba kompyuta haikipendi Kiswahili! Nguo ya kuazima haisitiri matako, walakini sisi tuliletewa yetu tukaona aibu kuivaa.

Kwa hiyo kuhama kwa hasira hakutoshi. Atokaye kwa mwenye nyumba mmoja pasipo kushika jembe atakuwa mpangaji kwa mwingine. Tunaofundisha Kiswahili tuna jembe letu: kusahihisha tafsiri za programu hizi, kuziongezea maneno, kupokea tasnifu katika muundo ulio wazi, na kuzitaka shule zitunze kwa muundo huo huo hadithi wanazokusanya wanafunzi. Fundi hatafanya hayo kwa niaba yetu, kwa sababu hajui tofauti ya neno lililo sawa na neno lililo karibu na sawa.

Mashine yangu iliyohukumiwa uzee sasa inaendeshwa na Linux, nami nimeiandikia makala haya, nikihangaika bado na printa. Hadithi za bibi nimezinakili upya, moja baada ya moja, na nakala nimemwachia yule mwalimu wa Biharamulo. Amezifungua mbele yangu, bila kumwomba mtu ruhusa.