Treni ya umeme na maswali yanayowasubiri wasomi wetu

Na Mwandishi Wetu

TANGU Juni 14, 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha ikafika Dodoma mwezi uliofuata, mazungumzo ya wananchi yamekuwa juu ya nauli, mwendo na starehe ya mabehewa. Hayo ni haki yao. Lakini lipo suala lisilosikika sana vijiweni wala bungeni, nalo ni nani atakayeichunguza treni hiyo kisomi hadi kuijua undani wake.

Mwishoni mwa Julai mwaka huo huo, abiria walikwama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli Tanzania (TRC) likaeleza kuwa chanzo ni ngedere na bundi. Wengi walicheka. Kwa mhandisi, hata hivyo, tukio hilo ni mada kamili ya shahada ya uzamivu: nyaya zenye msongo wa kilovolti 25, zinazopita katika mapori na mabonde yenye historia ya mafuriko kama ya Kilosa, zikingwe vipi dhidi ya wanyama, radi na maji? Jibu la swali hilo haliwezi kupatikana kwa kuchunguza reli za Ulaya peke yake.

Mada ya pili ni gridi ya Taifa. Umeme husafirishwa katika fezi tatu zinazotakiwa kubeba mzigo ulio sawa. Katika mfumo wa kawaida wa reli za aina hii, kila kituo cha kupozea umeme huchota kwenye fezi mbili tu. Treni nzito inapoondoka kituoni au kupanda mlima, mizani huyumba, na wateja wengine wanaweza kuathirika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limeongeza wingi wa umeme. Utulivu wa umeme huo ni jambo jingine, nalo linahitaji vipimo na hesabu za miaka kadhaa.

Kuna pia umeme unaorudi. Treni ya umeme ikifunga breki, mota zake huweza kugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye nyaya. Treni zikiwa chache, mara nyingi hakuna nyingine karibu ya kuupokea. Je, uhifadhiwe kwenye betri kituoni, urudishwe gridi, au ratiba ipangwe ili treni inayoteremka ikutane na inayopanda? Kila njia ina gharama yake, na mtafiti ndiye wa kutuambia ipi inalipa.

Barabarani nako mambo yanabadilika. Kigali na Nairobi, dereva wa bodaboda ya umeme hubadilishiwa betri kituoni na kuendelea na safari. Uwezo wa betri nyingi hupimwa maabara katika nyuzi joto 25, ilhali Dar es Salaam hupita nyuzi 30 kwa miezi kadhaa, na joto huharakisha kuchakaa kwa betri. Dereva anayekopa kununua chombo hicho anastahili kujua kama betri itadumu hadi amalize deni.

Mfano wa kuiga upo jirani. Gari la umeme la Kiira EV, lililoonyeshwa Uganda mwaka 2011, lilibuniwa na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2016 likafuatia basi la Kayoola linalotumia nishati ya jua, na leo Kiira Motors ni kampuni ya Serikali yenye kiwanda Jinja. Haya yote yalianzia darasani.

Tanzania haikosi mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha wahandisi tangu miaka ya 1970, na Arusha ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ardhini yamo madini ya kinywe na nikeli, ambayo yote hutumika kutengenezea betri.

Kinachohitajika sasa ni mlango kufunguliwa. Mtafiti asiyepata kumbukumbu za hitilafu na vipimo vya mzigo kutoka TRC na Shirika la Umeme (TANESCO) atalazimika kutumia takwimu za nchi nyingine, na tasnifu yake itajibu maswali ya watu wengine. Mashirika hayo yakikaa na vyuo na kuandika orodha ya matatizo yanayoyasumbua, kisha kumlipia mwanafunzi mmoja kwa kila tatizo, gharama yake itakuwa ndogo mno ikilinganishwa na mabilioni yaliyokopwa kujenga reli.

Vinginevyo, kila hitilafu itakapotokea, tutaendelea kumsubiri mtaalamu ashuke uwanja wa ndege, huku abiria wakisubiri porini.