Kamati Isiketi Gizani



Enzi za Sura ya 265, waziri aliweza kulivunja baraza la madiwani na kuweka tume. Nairobi iliyaona hayo mwaka 1983. Katiba ya 2010 iliyazika. Bunge letu la kaunti ya Kilifi, liketilo Malindi kwa niaba ya wadi 35, limepewa na Kifungu cha 185 mamlaka ya kuisimamia serikali ya kaunti. Kifungu cha 196 chaamuru kamati zake ziketi hadharani, isipokuwa Spika ameona sababu ya kipekee.

Basi twauliza: kamati yapanga kazi yake lini? Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Baina ya siku hizo ndipo penye ukaguzi wa kweli: zahanati ijengwe Ganze au Magarini, na kwa bei gani? Kamati ingojayo ripoti ya Mkaguzi Mkuu huhesabu miiba, samaki keshaliwa.

Na ratiba ya vikao ibandikwe mapema, Mariakani hata Marafa, kwa Kiswahili. Mzee wa Bamba hawezi kubahatisha nauli ya Malindi kwa kikao kilichoahirishwa jana.