Ulaya iko hapa Loitokitok, isome

Ukisema chuoni umechukua masuala ya Ulaya kama somo la ziada, mabeshte watakuuliza, "Kwani unapanga kuhama?" Waache wacheke, kisha uwaonyeshe Loitokitok.

Mpaka wetu na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Ukikaribia Kilimanjaro unapinda, mlima ukabaki upande wa Wajerumani. Wamaasai hawakuulizwa. Hiyo ni historia. Mwaka 2013, Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharagwe mabichi na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za kuua wadudu. Hiyo ni sheria na sayansi. Julai 1, 2024, mkataba wa biashara kati ya Kenya na umoja huo ulianza kutumika. Huo nao ni uchumi.

Ndiyo maana somo hili huchanganya idara nyingi. Wewe unayesomea kilimo, uhasibu au uanahabari, ukiliongeza utaweza kumweleza mkulima wa Kimana masharti yaliyoandikwa Brussels kabla broka hajamweleza kwa faida yake mwenyewe.

Mimi chuo nilikiacha, kwa hivyo sikupigii debe digrii. Ila fikiria: London wana SOAS, chuo kinachoisoma Afrika, hata Kiswahili hufundishwa huko. Sisi tukiijua Ulaya kupitia kandanda na viza tu, tutazidi kutia sahihi tusichokielewa.

Lichukue somo hilo, kisha urudi nalo nyumbani.