Mambo ya Nyumbani: Mbwa na Paka, Furaha Yao na Majonzi Yao

Katika wanyama wote wanaokaa na binadamu, wawili tu ndio waliopewa ruhusa ya kukaribia kizingiti cha nyumba bila ya kufungwa kamba, nao ni mbwa na paka. Ng'ombe ana zizi lake, kuku ana kibanda chake, na punda ana kigingi chake. Lakini mbwa hulala mlangoni, na paka hulala karibu na mafiga, na wote wawili hujua sauti na mwendo wa kila mtu wa nyumba ile. Kwa sababu hiyo furaha waletayo ni ya namna ya peke yake, na majonzi yao ni vile vile. Mtu halii akiuza fahali sokoni, lakini wako watu wazima, wenye mvi na heshima zao, waliogeuza nyuso pembeni siku ya kumzika mbwa.

Urafiki huu si wa jana. Wataalamu wanaochunguza mifupa ya kale husema kwamba mbwa alitokana na mbwa-mwitu wa nchi za kaskazini zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla mtu hajajua kupanda nafaka wala kufuga ng'ombe. Wakati ule mtu alikuwa msasi, na mbwa akawa mwenzi wake katika usasi. Paka alikuja baadaye, tena alikuja kwa shauri lake mwenyewe. Watu walipoanza kulima na kuweka akiba ghalani, panya waliifuata nafaka, na paka-mwitu akawafuata panya. Katika kisiwa cha Kipro limechimbuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, na ndani yake mtu amezikwa pamoja na paka. Habari za kaburi hilo zilitangazwa mwaka 2004. Basi yaonekana kwamba tangu kale wako watu waliompenda mnyama huyu hata wasitake kuachana naye kaburini.

Faida ya mbwa yajulikana sana na mkulima. Mahindi yakianza kubeba, nyani huja mchana, na nungu na nguruwe-mwitu huja usiku. Na shamba lisilo na mbwa huamkia hasara. Mwenye mbwa mwema hulala kitandani mwake na kusoma habari zote za giza kwa masikio. Sauti moja humwambia kwamba ni mnyama apitaye bondeni. Sauti nyingine humwambia kwamba ni mtu mgeni. Na ile ya tatu, ya furaha yenye kulialia, humwambia kwamba kijana wa nyumbani amerudi kwa gari la usiku kutoka mjini. Hakuna mlinzi wa mshahara awezaye kazi hiyo kila usiku kwa ujira wa makombo ya ugali na mfupa mmoja.

Karani naye ana faida yake. Huenda ametoka ofisini jioni hali ameonywa mbele ya wenzake, fedha za mwezi zimekwisha kabla ya mwezi, na barua ya kudai ada ya shule iko mfukoni. Mbwa wake hajui lolote katika hayo. Humpokea njiani kana kwamba amerudi kutoka safari ya mwaka mzima. Furaha hiyo haimlipii deni, lakini humpa moyo wa kuingia nyumbani na uso mwema mbele ya mke na watoto.

Paka hana makelele ya namna hiyo, wala hamshukuru mtu waziwazi. Lakini kazi yake ghalani ni kubwa. Panya huchukua mimba muda wa wiki tatu tu, kisha huzaa watoto wengi kwa mara moja; basi gunia moja lililotobolewa mwezi huu huwa magunia mengi kabla ya mavuno mengine. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Tena paka hupunguza panya hata wale asiowakamata, kwa kuwa harufu yake peke yake huwatia hofu.

Mwenye kutaka kuona heshima ya paka na aende Lamu. Katika mji ule wa kale, uliowekwa mwaka 2001 katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia, paka wembamba wenye miguu mirefu hutembea vichochoroni kama wenye mji, na mashua za wavuvi zikifika huwangoja pwani kwa adabu kama watu waliopanga safu. Katika Uislamu paka si najisi, na mmoja wa masahaba mashuhuri wa Mtume alijulikana kwa jina la Abu Huraira, maana yake mwenye kipaka. Kwa habari ya mbwa sheria ni nyingine. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, hukiosha mara saba chombo kilichoguswa na mate ya mbwa, na mara moja katika hizo huwa kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa pwani hukaa shambani au uani kama mlinzi, wala haingii chumbani. Mtu wa bara aliyehamia huko kwa kazi, naye ana mbwa, yafaa alijue jambo hili na amfunge mbwa wake wakati wa watu kwenda msikitini. Ujirani mwema huanza kwa mambo madogo kama hayo.

Sasa na yaje majonzi, maana hayakosekani. La kwanza ni kwamba maisha ya wanyama hawa ni mafupi. Mbwa aliyetunzwa vema huishi miaka kumi au kumi na mitatu hivi, na paka huweza kumpita kidogo. Mtoto aliyepewa kijibwa siku aliyoanza shule humwona mbwa yule yule akiwa mzee, kipofu na mzito wa kusimama, wakati yeye mwenyewe ndiyo kwanza awe kijana. Ni vema wazazi wasimfiche habari hiyo. Mara nyingi kifo cha mbwa huwa ndicho msiba wa kwanza ambao mtoto huuelewa, na namna atakavyofundishwa kuupokea itamfaa katika misiba mikubwa zaidi.

La pili ni mabaya yao. Mbwa aliyeonja yai mara moja hutafuta viota vyote vya kijiji, na yule aliyezoea kukimbiza mbuzi wa jirani humpeleka mwenyewe barazani kujibu mashtaka. Paka aweza kumaliza vifaranga vya wiki nzima kwa asubuhi moja. Watu husema, "Mnyama huyu ni mwovu," na kumbe mara nyingi ni mwenye njaa. Umleavyo ndivyo akuavyo; na mbwa asiyelishwa nyumbani hujifundisha kula kwa watu.

La tatu ni sumu. Mtu hununua dawa ya panya dukani, huiweka ghalani, na baada ya siku chache humkuta paka wake amekufa chini ya kihenge. Hakuila dawa yenyewe, ila alimla panya aliyeila. Kwa njia hiyo mwenye ghala amemwua askari wake kwa risasi iliyokusudiwa adui. Mwenye paka na atumie mitego, na azibe matundu, na ainue vihenge juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati.

La nne ni wingi wa watoto. Mbwa na paka wote wawili huchukua mimba miezi miwili na siku chache tu. Asiyetaka watoto na ampeleke mnyama wake kwa daktari wa wanyama, dume akahasiwe na jike afungwe uzazi. Kuwatia watoto gunia na kuwatupa mtoni ni ukatili; na kuwaacha sokoni ni kuuongezea mji mbwa wasio na mwenyewe. Na katika mbwa wasio na mwenyewe ndimo uchungu mkubwa kuliko yote huanzia, yaani kichaa cha mbwa.

Na ifikiriwe nyumba moja ya mkulima, kama zilivyo nyingi katika nchi hii. Nyumba hiyo ina mbwa aitwaye Simba, mpole kwa watoto na mkali kwa wezi. Chifu ametangaza siku ya chanjo, lakini siku hiyo ni ya palizi, na mwenye nyumba asema moyoni, "Mbwa wangu hatembeitembei. Atakwenda mwaka ujao." Miezi kadhaa yapita. Usiku mmoja mbwa mgeni aja uani, nao wapigana. Asubuhi Simba aonekana na jeraha dogo sikioni, nalo lapona upesi. Wiki zapita tena. Kisha mtoto aliyempelekea ugali arudi na bakuli limejaa.

"Baba, Simba amekataa chakula. Amejificha chini ya ghala, na sauti yake imegeuka."

"Mwache, mwanangu. Labda amekula kitu kibaya."

Kesho yake Simba amwuma mtoto yule yule mkononi, alama ndogo tu ya meno. Bibi ataka kutia pilipili na majani. Lakini mama aliwahi kusikia mafundisho ya zahanati, naye akataa kwa heshima. "La, mama, kwanza tuuoshe." Auosha mkono kwa sabuni na maji yamiminikayo muda wa dakika kumi na tano, kisha ampeleka mtoto hospitali siku ile ile, na huko aanzishiwa sindano, nazo zaendelea kwa siku zilizopangwa. Mtoto apona. Simba, aliyezuiliwa peke yake ili atazamwe na watu wa mifugo, afa siku ya tatu, taya limelegea na mate yakimtoka. Mtoto auliza, "Baba, kwani Simba alikosa nini?" Na baba hana jibu, maana Simba hakukosa neno. Aliyekosa ni yule aliyeiacha siku ya chanjo ipite.

Si kila nyumba humalizika kwa kupona. Ugonjwa huu husafiri katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na dalili zikisha kutokea kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Huweza kukaa kimya mwilini mwezi mmoja, miwili au mitatu, na pengine zaidi, hata watu wakasahau jeraha lenyewe. Ndiyo sababu kungoja "tuone kwanza" ni hatari kubwa. Paka pia huupata na huweza kuuambukiza. Basi mkwaruzo wa paka mgonjwa usidharauliwe.

Dawa ya kuukinga imekuwako muda mrefu. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mtaalamu Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi, na alipokuwa mtu mzima akafanya kazi ya ulinzi katika taasisi yenye jina la Pasteur. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa kando ya Nairobi. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo nao ifikapo mwaka 2030. Njia yake kubwa ni moja, nayo si ngumu: mbwa sabini katika kila mia wachanjwe kila mwaka, na hapo ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Mbwa wa miezi mitatu aweza kuchanjwa.

Lipo na jambo la minyoo. Turkana imejulikana duniani kwa ugonjwa wa malengelenge makubwa ya maji katika ini na mapafu ya watu, na mizizi yake ni hii: mbwa hula matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hufika mikononi mwa watoto wanaocheza naye. Basi ini au pafu lenye malengelenge asipewe mbwa, bali lichomwe au lifukiwe chini sana. Naye mbwa apewe dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Mtu akiyatazama haya yote aweza kusema kwamba heri kuishi bila mbwa wala paka. Lakini na ajiulize ni majonzi gani katika hayo yaliyoletwa na mnyama mwenyewe. Uzee ni wa viumbe vyote. Sumu iliwekwa na mtu. Njaa ilitokana na mtu. Chanjo ilisahauliwa na mtu. Mbwa na paka hawasomi matangazo wala hawajui kalenda; wamemwachia mwenye nyumba mambo hayo, kama wao walivyoachiwa ulinzi wa usiku na ghala. Wao kwa kawaida hutimiza sehemu yao. Kinachobaki ni mwenye nyumba kutimiza yake, na siku ya chanjo itakapotangazwa, palizi ingoje mpaka mchana.