Maji magumu nyumbani: mashine hulainisha, haisafishi

Ni Jumamosi asubuhi. Mama ameloweka sare za shule tangu usiku, sasa anasugua kola kwa sabuni ya mche lakini povu halionekani. Maji ya kwenye beseni yamekuwa meupe na juu yanaelea mabonge madogo ya utando. Maharage yamechemka tangu saa mbili na bado ni magumu. Birika la umeme limeota magamba meupe ndani. Mtoto mdogo, ambaye ngozi yake hukauka na kuwasha, amejikuna usiku kucha.

Baba anarudi na habari. Ameona dukani mashine ya kulainisha maji, na muuzaji amemhakikishia kwamba ikishafungwa, yote hayo yataisha: nguo, birika, ngozi ya mtoto, na maji yatanyweka moja kwa moja kutoka bombani. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya ada ya muhula ujao inaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Familia nyingi zinazotumia maji ya kisima zimeshafika hapo, na nyingine ziko njiani. Kabla fedha haijatoka, kuna jambo moja ambalo baba na mama wanapaswa kulijua: mashine hiyo hufanya kazi moja tu, nayo ni kuondoa ugumu wa maji. Kulinda tumbo, meno na mifupa ya mtoto si kazi yake.

Ugumu unatoka wapi

Maji yanapopita ardhini huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba. Ukanda wa pwani na visiwani, visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Ndiyo maana maji yake hukataa sabuni. Madini hayo yakikutana na sabuni hutengeneza utando badala ya povu, yakichemshwa huganda kwenye birika na hita, na yakiingia kwenye maharage hukaza maganda yasilainike upesi.

Kipimo chake ni miligramu kwa lita. Maji yenye chini ya 60 huhesabiwa kuwa laini, 61 hadi 120 yana ugumu wa wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Ugumu huo wenyewe si sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) halijauwekea kikomo cha kiafya, na kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Hasara ya maji magumu iko kwenye sabuni, hita, mabomba na nguo, na hasara hiyo ni ya kweli kwa familia yenye watoto wanne wa shule.

Kuhusu ngozi ya mtoto, mzazi awe mwangalifu na ahadi. Uingereza ulifanyika utafiti, ukachapishwa mwaka 2011, uliohusisha watoto 336 wenye pumu ya ngozi. Baadhi yao walifungiwa mashine za kulainisha maji nyumbani, wengine wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya wiki 12, mashine haikuonyesha nafuu ya ziada katika ugonjwa huo. Mtoto anayejikuna anahitaji daktari na mafuta ya kulainisha ngozi kabla ya fundi bomba.

Inavyofanya kazi

Ndani ya mashine kuna tangi lililojaa chembe ndogo za resini, ukubwa wake kama ulezi. Maji yakipita, chembe hizo hushika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Zikishajaa, mashine huziosha kwa maji ya chumvi kali, madini yaliyonaswa hutoka kwenye bomba la maji machafu, na kazi huanza upya.

Kwa hiyo kuna kitu kinaongezeka kwenye maji. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha takribani miligramu 46 za sodiamu katika lita moja. Maji yenye ugumu wa 300 yatapata sodiamu karibu 138. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo si tatizo kubwa, lakini maji hayo hayafai kukorogea maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, na bibi mwenye shinikizo la damu au ndugu mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa daktari. Njia rahisi ni kumwambia fundi aache bomba moja la jikoni lisipite kwenye mashine, liwe la kunywa na kupikia.

Na maharage? Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huyaivisha upesi. Pasipo mvua, maji yachemshwe, yaachwe yatulie, kisha yamiminwe taratibu. Sehemu ya chokaa itabaki chini ya sufuria.

Yasiyoondolewa na mashine

La kwanza ni chumvi. Maji yenye ladha ya chumvi, kama ya visima vingi vilivyo karibu na bahari, yakipita kwenye mashine hii yatatoka na chumvi ileile. Chumvi huondolewa na mtambo wa RO, unaosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana.

La pili ni vijidudu. Resini haiui kitu. Maji ya kisima kilicho karibu na shimo la choo yatatoka yamelainika, yakiwa na vimelea vilevile vinavyomharisha mtoto. Kuchemsha au kutibu kwa dawa ya klorini kunabaki palepale.

La tatu ndilo linalowadanganya wengi, nalo ni madini ya floraidi. Kwa wanaoishi Arusha, Kilimanjaro na Manyara, kwenye ardhi ya volkano, tatizo kubwa la visima vingi si ugumu. Maji yenye floraidi nyingi mara nyingi ni laini, yanatoa povu vizuri na hayaachi magamba kwenye birika. Mama anafua bila shida na kuyaona ni mazuri, kumbe yanaharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya fizi. Kikomo kinachopendekezwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka, hasa kabla hajafikisha miaka minane, anaweza kuota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa sana hata mifupa huathirika.

Mashine ya kulainisha haiondoi floraidi. Kuchemsha hakuiondoi pia, bali maji yakipungua kwenye sufuria floraidi huzidi kukolea. Kinachosaidia ni RO, maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Mzazi wa maeneo hayo aangalie na magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive upesi, kwa kuwa baadhi yake yana floraidi nyingi.

Pima kwanza

Kuna jaribio la nyumbani. Mzazi achukue chupa mbili za plastiki zinazofanana, moja aijaze nusu maji ya mvua, nyingine nusu maji ya bombani. Akwangue sabuni ya mche na kutia kiasi sawa katika kila chupa, kisha azitikise. Ya mvua itajaa povu. Ya bombani ikibaki na utando mweupe, maji ni magumu. Sabuni ya unga na ya maji ya kuoshea vyombo hazifai kwa jaribio hili, kwa sababu nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu.

Jaribio hilo linaonyesha ugumu tu. Kujua mengine kunahitaji maabara, na Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika mikoa mbalimbali. Familia iombe vipimo vya ugumu, chumvi, chuma, floraidi na vimelea vya kinyesi. Kwa kipimo cha vimelea, chupa itoke maabara yenyewe, kwa kuwa chupa ya soda iliyosuuzwa inaweza kuharibu majibu.

Majibu yakisema ni ugumu

Hapo mashine ni matumizi halali ya fedha. Ukubwa wake hukokotolewa, haukisiwi. Familia ya watu sita wanaotumia lita 80 kila mmoja kwa siku inatumia lita 480. Ugumu ukiwa 300, mashine italazimika kunasa gramu 144 kila siku. Lita moja ya resini hunasa takribani gramu 45 kabla ya kuoshwa. Mashine yenye lita 25 za resini itafanya kazi kama siku saba, na kila kuoshwa itakula kilo mbili na nusu za chumvi hivi, yaani kilo 10 kwa mwezi. Gharama hiyo ya chumvi iingizwe kwenye bajeti kabla ya kununua.

Kisha kuna presha ya maji. Mashine nyingi zinahitaji presha ya baa 1.5 hadi 2. Tenki lililo juu mita 10 hutoa baa moja tu, na matenki mengi ya nyumbani hayafiki hata mita tano. Bila pampu, bafuni yatatoka machozi.

Mzazi aulize pia mashine hujuaje wakati wa kujiosha. Inayohesabu lita zilizotumika ni bora kuliko inayofuata saa, hasa mahali umeme unapokatika mara kwa mara na saa ikapotea. Aulize vipuri vinapatikana wapi na nani ataifungua ikiharibika. Maji yakiwa na chuma, yanayoacha kutu kwenye sinki, chuma kiondolewe kwanza kwa sababu huziba resini. Vifaa vya sumaku vinavyofungwa nje ya bomba haviondoi kalsiamu kwenye maji, hata viuzwe kwa bei gani.

Kuitunza

Mashine ikishafungwa, mtu mmoja nyumbani akabidhiwe kazi hizi:

- Kila wiki afungue pipa la chumvi. Chumvi iwe juu ya usawa wa maji.
- Agonge chumvi taratibu kwa mti. Wakati mwingine huganda juu na kuacha uwazi chini, mtu akaona pipa limejaa kumbe mashine haipati chumvi.
- Atumie chumvi ya mawe iliyo safi au vidonge vya chumvi vya mashine. Chumvi yenye mchanga huziba njia, na ya unga hugandamana.
- Kila mwezi arudie jaribio la chupa mbili. Povu likipungua, kuna tatizo la chumvi, saa au resini.
- Chujio la mchanga lililo kabla ya mashine libadilishwe linapobadilika rangi au presha inaposhuka.
- Mara moja kwa mwaka pipa la chumvi lioshwe.
- Maji ya kuoshea resini yasielekezwe kwenye bustani. Chumvi itaua mchicha na migomba.

Asiye na uwezo wa mashine hajakwama. Siki au maji ya limao yakiachwa ndani ya birika kwa saa moja, kisha birika likasuuzwa vizuri, huondoa magamba. Maji ya mvua yawekwe kwa ajili ya nguo nyeupe na kuogeshea mtoto mchanga. Sabuni ya unga ifulie sare, ya mche ibaki kwa kazi nyingine.

Fedha ya ada

Turudi kwa baba na mama wa Jumamosi ile. Tuseme wamekubaliana kusubiri, wakapeleka maji maabara. Majibu yanasema ugumu ni 300, floraidi iko chini ya kikomo, chumvi si kubwa, lakini vimelea vya kinyesi vipo. Kisima kiko hatua chache kutoka kwenye shimo la choo, wakati inashauriwa pawe na angalau mita 30.

Kama wangenunua mashine wiki iliyopita, nguo zingetakata, birika lingeng'aa, na mtoto angeendelea kunywa maji yaleyale, safari hii kwa imani zaidi kwa sababu baba alishaambiwa yako salama. Sasa wanajua kazi ya kuanza nayo ni kutibu maji, kuchemsha ya kunywa, na kuongea na mwenye nyumba kuhusu kisima na choo. Mashine inaweza kusubiri hadi ada ilipwe. Tumbo la mtoto haliwezi.