Mbwa wa nyumbani akinenepa, bakuli lishikwe na mtu mmoja

Mbwa wengi wa Kinampanda, wilayani Iramba, hawana tatizo la unene. Wanashinda porini na mbuzi, wanarudi jioni kula ugali uliobaki, na mbavu zao zinahesabika ukiwa barabarani. Mnene ni yule mwingine, anayefungiwa bandani kutwa nzima, akafunguliwa usiku kulinda, na kupendwa na kila mtu nyumbani.

Upendo huo ndio unaomnenepesha. Asubuhi baba anamtupia kipande cha chapati. Mchana watoto wakitoka shule wanampelekea ukoko wa ugali. Bibi anammwagia mchuzi wa jana, na mafuta ya alizeti yakiwa bado yanaelea juu. Jioni mama, asiye na habari na hayo yote, anamwekea ugali wa dona na dagaa, bakuli zima. Kila mmoja anaamini ametoa kidogo tu.

Kumpima hakuhitaji mizani. Mzazi anyooshe mkono, apitishe vidole vya mkono wa pili juu ya mgongo wa kiganja: mifupa inasikika chini ya ngozi bila kubonyeza. Mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri husikika hivyo. Zikisikika kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Zikipotea kama mifupa inavyopotea upande wa ndani wa kiganja, amenenepa kupita kiasi.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wadogo. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na mgongo mkavu hajashiba. Mara nyingi ana minyoo, na baadhi ya minyoo hiyo humwingia binadamu, hasa mtoto anayechezea mchanga. Huyo ni wa kupelekwa kwa afisa mifugo, si wa kupunguziwa chakula.

Unene huumiza viungo vya mbwa na kufupisha maisha yake. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, Labrador 48 waligawanywa wawili wawili, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake maisha yake yote. Kwa wastani wale wa chakula pungufu waliishi miaka 13, wenzao miaka 11 na ushei, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Aliyegharimia utafiti huo ni kampuni inayouza chakula cha mbwa, kwa hiyo hakuwa na faida ya kusema mbwa wale kidogo.

Nyumbani, kazi inaanza na bakuli. Achaguliwe mtu mmoja wa kulisha, kwa kikombe kilekile, asubuhi na jioni. Mtoto wa miaka kumi anaiweza kazi hiyo mkubwa akiwa karibu, mradi anawe mikono. Bibi asikatazwe kutoa. Anachotaka kutoa kiingie bakulini na kipimo kipungue kwa kiasi hicho. Mchuzi wa mafuta uachwe kabisa, pamoja na vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa.

Chakula kipunguzwe taratibu, tuseme sehemu moja ya kumi kwanza. Mbwa wa kilo 30 akipungua gramu 300 hadi 600 kwa wiki inatosha. Mizani ya kupimia magunia ya alizeti inafaa: mtu apande na mbwa mikononi, kisha apande peke yake, atoe tofauti. Asipopungua baada ya mwezi na nusu, afisa mifugo amwangalie. Wapo wanaonenepa kwa ugonjwa. Aliyehasiwa naye huhitaji chakula kidogo kuliko zamani, ingawa njaa yake huongezeka.

Matembezi yaanze kwa dakika kumi na tano, alfajiri au jua likipoa, akiwa na kamba shingoni na chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu.

Paka ni habari tofauti. Paka mnene hashindishwi njaa hata kidogo, kwa sababu akikaa siku chache bila kula mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa. Apunguziwe polepole zaidi, na akisusa chakula siku nzima apelekwe kwa mtaalamu.

Wengi hushindwa mwishoni. Mbwa amepungua, anakimbia tena, watu wanafurahi na kumrudishia bakuli la zamani. Kipimo kipya kiongezwe kidogo tu, kiasi cha kumzuia asiendelee kukonda, na mbavu zipapaswe kila mwezi.